Kinanda cha Kubeba Kwapani: Faida na Hasara Zake

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya dawa za kulevya wala umuhimu wa elimu, maana wenzangu wameyaandika hayo na wameyaandika vizuri. Mimi nitaandika juu ya kinanda.

Sababu ninayo. Chama chetu cha Kiswahili kina shilingi 31,000. Pesa hizo tumezichanga kwa miaka miwili kwa kuuza mahindi ya kuchemsha, ndizi na nakala za jarida hili siku ya wazazi. Kabla muhula haujakwisha tutapiga kura. Je, tununue kinanda cha umeme cha kusindikiza ngonjera zetu na kwaya, au pesa zifanye kazi nyingine? Wengi wamekwisha kuamua mioyoni. Wengine wananiuliza mimi kwa kuwa nimekuwa nikipiga kinanda kanisani tangu darasa la saba. Kila wakiniuliza nakosa jibu la neno moja. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii ile piano kubwa ya mbao inayobebwa na wanaume sita. Nazungumzia vinanda vidogo ambavyo mtu hukitia kimoja kwapani akapanda nacho matatu kutoka Kebirigo hadi Kisii mjini bila kulipa nauli ya mzigo. Vinanda hivyo ni vya aina tatu, na watu wengi huvichanganya.

Aina ya kwanza ni kibodi ya kawaida. Hii ina sauti zilizotiwa tayari kiwandani: piano, filimbi, tarumbeta, ngoma na kadhalika. Wewe unachagua nambari tu. Aina ya pili ni sinthesaiza. Hii hukuruhusu kuitengeneza sauti wewe mwenyewe. Aina ya tatu ni sampla. Hii husikia sauti yoyote kupitia maikrofoni, ikaihifadhi, kisha ikakurudishia kwa kubonyeza ufunguo. Siku hizi kuna vinanda vidogo vyenye aina mbili au zote tatu ndani ya sanduku moja.

Sasa zinafanyaje kazi? Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba sauti ni mtikisiko. Uzi wa gita ukitikisika, husukuma hewa, na hewa hiyo hufika sikioni. Mtikisiko wa mara 440 kwa sekunde ndio noti ya A ambayo wanamuziki wa nchi nyingi hulinganishia ala zao. Ukizidisha mara mbili, yaani 880, unapata noti ile ile lakini ya juu zaidi. Umbali huo huitwa oktava. Kinanda kimeugawa umbali huo katika ngazi 12 zilizo sawa. Kwa hiyo kinanda chenye funguo 61 kina oktava tano na ufunguo mmoja wa kumalizia.

Ndani ya sinthesaiza hakuna uzi. Ni umeme unaotikisika badala ya uzi, na spika ndiyo inayougeuza kuwa sauti. Mpigaji huzungusha vifundo kuamua sauti ianze ghafla kama ngoma au polepole kama upepo, iwe kali au nzito, ife upesi au ikawie. Huo ni ufundi wa peke yake, kama mpishi anayeonja chumvi.

Sampla nayo hupima. Sauti inapoingia, chombo huipima mara nyingi sana kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kama nambari. Kwenye diski za CD vipimo hivyo ni 44,100 kwa sekunde moja! Ukibonyeza ufunguo, nambari husomwa tena zikawa sauti. Zikisomwa kwa haraka zaidi, sauti hupanda juu lakini pia huwa fupi. Zikisomwa polepole, sauti hushuka na kurefuka. Ndiyo maana ukimrekodi mtoto akisema "mama" kwenye sampla ya kawaida, ufunguo wa juu humfanya aseme kama kasuku, na wa chini humfanya aseme kama zimwi la hadithini. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Historia yake si ndefu. Mmarekani Robert Moog alionyesha sinthesaiza yake mwaka 1964, nayo ilikuwa kubwa kama kabati. Mwaka 1970 ikatoka ndogo iitwayo Minimoog ambayo mtu mmoja aliweza kwenda nayo jukwaani. Sampla iliyoitwa Fairlight ilitengenezwa Australia mwaka 1979, na bei yake ilikuwa ya matajiri watupu. Mwaka 1983 Wajapani wa Yamaha wakatoa DX7 yenye funguo 61, iliyouzwa kwa wingi mno. Mwaka huo huo kampuni mbalimbali zikakubaliana juu ya MIDI, yaani lugha moja ya kuwezesha vinanda vya kampuni tofauti kuzungumza. Katikati ya miaka ya 1980 Casio wakatoa SK-1, kinanda kidogo chenye funguo 32 kilichoweza kurekodi sauti ya sekunde 1.4 tu. Usicheke. Sekunde hiyo moja na kidogo iliyafikisha nyumbani kwa watu wa kawaida mambo yaliyokuwa ya studio za matajiri.

Tuje sasa kwenye faida. Waswahili husema mgala muue na haki umpe.

Faida ya kwanza ni wepesi na bei. Kuwa na ngoma, gita la besi, filimbi na piano kunahitaji watu wanne na ala nne. Kinanda kimoja chafanya kazi hiyo kwa mtu mmoja. Shule ya kutwa kama yetu, ambayo wanafunzi huondoka saa kumi na moja kuwahi nyumbani kabla ya mvua, itapata wapi nafasi ya kufundisha watu wanne ala nne?

Pili, hakibadiliki sauti. Gita na ala za nyuzi hulegea kwa baridi na joto. Kinanda ukikiacha Ijumaa, Jumatatu utakikuta vile vile. Kwaya hupata noti ya kuanzia bila kubahatisha. Na kama mwimbaji wa sauti ya kwanza ana mafua, unabonyeza kidude kimoja na wimbo wote unashuka ngazi mbili, vidole vyako vikibaki pale pale.

Tatu, ni mwalimu mvumilivu. Unavaa visikilizi masikioni, unakosea mara mia usiku na hakuna anayekuambia "Hebu zima makelele yako." Mimi nilijifunza hivyo, mama akiwa amelala chumba cha pili.

Nne, vingi vinatumia betri. Stima ikipotea, na huku kwetu mvua ya radi ikinyesha stima kupotea si habari, unaendelea tu.

Tano, kinaweza kuuokoa muziki usife. Katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, Waacholi wana muziki wa harusi uitwao larakaraka, ambao hupigwa na kundi zima la watu wenye vibuyu. Kundi kubwa ni gharama kulilisha na kulilipa. Basi wanamuziki kama Otim Alpha na Leo PaLayeng wakazipiga nyimbo zile kwa kompyuta na sauti za umeme. Vijana wakazicheza, na mwaka 2017 albamu ya Otim Alpha iitwayo Gulu City Anthems ikasikika hadi Ulaya. Huwezi kuniambia kwamba hapo umeme umeua mila.

Hata hivyo, kizuri hakikosi kasoro. Tuzitazame hasara.

Hasara ya kwanza ni spika yake ndogo. Ndani ya darasa kinanda kinasikika vizuri. Toka nacho uwanjani siku ya wazazi, watu mia tano wakiongea, na utadhani ni mbu. Hapo utahitaji kipaza sauti na spika kubwa, na hizo hazibebwi kwapani wala hazitumii betri ndogo.

Pili ni uvivu. Vinanda vingi vina midundo ya tayari. Ukibonyeza, ngoma na besi zinaanza zenyewe. Mwanafunzi hujiona bingwa ilhali anatumia kidole kimoja. Nimesikia nyimbo za kwaya nne tofauti, kutoka vijiji vinne, zikiwa na mdundo mmoja ule ule, kwa sababu wote walichagua nambari moja.

Tatu, kinanda kimekuja na orodha ya watu wengine. Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana juu ya orodha ya sauti 128, ili nambari fulani iwe sauti ile ile kwenye kinanda cha kampuni yoyote. Siku moja nilikaa nikaipitia yote. Nilikuta sitar ya Wahindi, koto ya Wajapani na zumari ya mfuko ya Waskoti. Kwa Afrika nilikuta kalimba na kengele ya agogo. Nambari 126 ni helikopta na nambari 128 ni mlio wa bunduki. Obokano haimo. Nyatiti haimo. Litungu haimo. Jamani, helikopta imo lakini obokano haimo!

Nne, kinanda huweza kumpokonya mtu kiti. Huko Zanzibar, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, nacho hupiga taarab kwa fidla, udi, kanuni na ala nyinginezo. Kuanzia miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody vikaweka vinanda vya umeme mahali pa ala nyingi. Watu walipenda, wakainuka kucheza, na kundi dogo likawa rahisi kusafiri. Lakini ukitumia kinanda kutoa sauti ya fidla nne, wapiga fidla wanne wanabaki nyumbani. Hawa wa Zanzibar walifanya jambo la busara: mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na vijana hufundishwa udi na kanuni mle. Hawakungoja wazee waishe.

Hasara hii ya nne ndiyo iliyonikalia kooni, na hapa naomba uniruhusu nisimulie.

Babu yangu, ambaye kwa Ekegusii tunamwita sokoro, ni mpigaji wa obokano. Kwa msomaji asiyeijua, obokano ni ala ya Abagusii yenye nyuzi 8. Ina bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili, na mti wa juu ambamo nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za mnyama, siku hizi ni nailoni. Mpigaji huketi kwenye kigoda akaikumbatia. Sauti yake ni nzito, inanguruma na kukwaruza kama mzinga wa nyuki. Wataalamu wengine wameifananisha na lile fidla kubwa la besi la Wazungu.

Desemba iliyopita baba mdogo alikuwa na harusi. Babu alikaa wiki nzima akibadilisha nyuzi. Siku yenyewe kwaya ilipiga kwa kinanda, na jenereta ilikodiwa. Programu ilikuwa ndefu. Msimamizi wa sherehe akatangaza kwamba muda umekwisha na tuelekee kwenye keki. Babu alikuwa ameketi chini ya mparachichi, obokano ikiwa bado ndani ya gunia. Nilimwona waziwazi, kwa maana aliyekuwa akipiga kinanda ni mimi. Ningeweza kuinua mikono yangu nikasema, "Tumpishe mzee." Sikusema. Niliendelea kupiga, na watu wakapiga makofi.

Nilifikiri nitamlipa kwa njia nyingine. Binamu yangu wa Nairobi ana sampla ndogo kuukuu, akaniazima likizo ya Aprili. Nikamwomba babu anipigie uzi mmoja mmoja. Alipiga wa kwanza, tukangoja ufe kabisa, akapiga wa pili, hadi wa nane. Kuku waliharibu mara tatu, tukarudia. Jioni nikabonyeza ufunguo na obokano ikanguruma kutoka kwenye kijisanduku. Babu alicheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Jambo la kwanza, nyuzi za babu hazikukubaliana na kwaya. Yeye hulinganisha nyuzi na koo lake, si na zile mara 440. Nilipopiga sauti zake pamoja na kinanda cha kanisa, zilikwaruzana kama gari bovu. Ilinibidi kuzivuta kidogo kidogo kwa kifundo cha kurekebisha. Zikakaa sawa, lakini babu akasema, "Sasa hiyo si yangu, hiyo ni ya kwaya."

Jambo la pili, sampla hurudia. Babu akipiga uzi mara kumi, kila mara ni tofauti kidogo: wa kwanza wa nguvu, wa pili wa upole, wa tatu kidole kimegusa ngozi. Sampla yangu ilikuwa na pigo moja tu kwa kila uzi. Baada ya dakika mbili sikio linachoka na hujui ni kwa nini. Studio kubwa hurekodi uzi mmoja mara nyingi ili kuondoa tatizo hili, lakini kijisanduku kile hakikuwa na nafasi.

Jambo la tatu alilisema babu mwenyewe. Aliniuliza, "Je, kinajua kumtaja mama wa bwana harusi?" Nikanyamaza. Mpigaji obokano si nyuzi tu. Huangalia waliokuja, akataja ukoo wao, akamsifu huyu, akamchokoza yule kwa mafumbo, watu wakacheka na kutoa pesa. Sampla ilichukua nyuzi, haikuchukua mdomo.

Mpaka hapo bado nilikuwa nafurahi. Halafu nikafanya kosa. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei stima ilipotea, nami nilikuwa na hesabu za kumaliza. Nikatoa betri za sampla nikatia kwenye tochi. Kumbe kumbukumbu ya chombo kile inashikiliwa na betri! Niliporudisha, nyuzi zote nane hazikuwepo. Sikuwa nimeweka nakala yoyote, hata kwenye simu.

Nilimwambia babu Agosti, likizo ilipofika. Hakunigombeza. Alisema turudie. Lakini kati ya Aprili na Agosti baridi yabisi ilikuwa imeingia vidole vyake, vimevimba kama tangawizi. Alipiga uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipumzika. Akapiga wa nne na wa tano. Wa sita ulitoa mlio usioeleweka. Akaiegemeza obokano ukutani, akasema, "Mjukuu wangu, hizo zitakutosha."

Kwa hiyo nilizo nazo ni nyuzi tano za kweli. Tatu zilizobaki nimezitengeneza kwa ile njia niliyokueleza, yaani kuisoma sauti ya uzi wa jirani kwa haraka zaidi. Zinapanda, lakini ni fupi kuliko za babu, zinakatika upesi. Mtu mwingine hatambui. Mimi natambua kila mara. Safari hii nimeweka nakala kwenye simu, kwenye kadi ya kumbukumbu, na kwa binamu Nairobi.

Naona kuna haja pia ya kutaja haki. Sampla inarahisisha kuchukua jasho la mtu. Mwaka 2018 Kanye West wa Marekani alitumia kipande cha Kothbiro, wimbo wa kundi la Kenya la Black Savage, ndani ya wimbo wake Yikes. Majina ya watunzi James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakaandikwa miongoni mwa watunzi wa Yikes, na hivyo ndivyo inavyopasa. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Hata kwetu sisi wanafunzi, ukimrekodi mzee, mwombe ruhusa, andika jina lake, na ukipata kitu mkumbuke. Si lazima ungoje polisi wakufundishe adabu.

Kwa wale watakaotumwa madukani, nina mawaidha machache. Ukinunua kinanda cha mtumba, bonyeza kila ufunguo, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa nguvu na kwa upole. Cheza na kifundo cha sauti; kikikwaruza, ndani kuna vumbi. Angalia mahali pa betri kama pana kutu. Kagua adapta: volti zake lazima zilingane na zilizoandikwa nyuma ya kinanda, na alama za kujumlisha na kutoa zielekee vile vile, kwani zipo kampuni zinazoweka kujumlisha katikati na zipo zinazoweka kutoa. Ukikosea unaweza kuunguza kitu chote kwa dakika moja. Uliza kama funguo zake ni za ukubwa wa kawaida, maana vile vidogo vya watoto huharibu mkono wa mwanafunzi. Uliza pia kama kinaweza kurekodi, kwa kuwa si kila kinanda kina sampla, na kama kumbukumbu yake hubaki betri zikitolewa. Swali hilo la mwisho mimi nimelilipia karo.

Je, tununue au tusinunue? Tuliokwenda Kisii mjini na mwalimu mlezi wa chama tuliona vinanda vipya vya funguo 61 vikianzia shilingi 26,000. Cha mtumba, tulichokijaribu wenyewe, kilikuwa shilingi 18,000. Fundi mmoja tuliyemkuta siku ya soko Keroka alisema anaweza kututengenezea obokano kwa shilingi 7,000. Jumla ni 25,000. Zinabaki 6,000 za adapta nzuri, betri, na nauli ya mzee atakayekuja kutufundisha Jumatano alasiri. Babu yangu hawezi tena kupiga, lakini amesema mdomo bado mzima na atakuja kusahihisha maneno.

Wapo watakaosema ninavuta upande wa babu. Labda. Lakini nawauliza wanachama wenzangu swali la Kiswahili. Neno "kinanda" lilikuwa na maana gani kabla ya piano kufika? Huko pwani zamani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, iliyopigwa kwa vidole katika ngoma na sherehe za waungwana. Jina hilo likahamia kwenye piano na hivi vya umeme baadaye. Kwa hiyo anayesema chama kinunue kinanda na anayesema chama kinunue obokano, kwa lugha ya wahenga wote wawili wanasema kinanda. Nami nasema tununue vyote viwili, kwa kuwa pesa zinatosha.

Wahenga walinena usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha saa moja tu, siku ya harusi, na nyuzi tatu sitazipata tena. Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye ala, au wimbo, au hadithi, usingoje likizo ijayo. Nenda jioni hii ukamsikilize. Ukitaka kumrekodi, mrekodi, kisha weka nakala mbili.

Na siku ya kura msisahau kuja.